Chanzo cha Ajali

Fomu inauliza: mahali?
Thuwaiba ameandika: barabarani. Ipi, hakusema.
Fomu inauliza: chanzo?
Ameandika: ngamia.

Mimi ndiye mkadiria hasara. Nimepiga magoti
kwenye changarawe za yadi ya Wadi Kabir, saa nne asubuhi,
joto limeshakaa juu ya mabati kama mdai,
na Corolla nyeupe imenikodolea jicho moja,
la pili limetumbuka.

Nawajua ngamia.
Ngamia ni miguu tu, mwili uko ghorofani.
Ukimgonga, hakungojei kwenye bampa:
huja kwa kioo, akakalia paa, akakukalia na wewe.
Paa hili halina hata mkunjo.
Na ubavuni pana rangi nyekundu, na pana nyeupe, na nyekundu tena.
Ngamia wa mistari sijapata kumlipia.

Nikaingiza mkono nyuma ya gurudumu,
nikatoa chembe za mpira, nyeusi, zimeviringana
mfano wa mavi ya mbuzi.
Barabara haisagi hivi. Hivi husaga kona,
gari baada ya gari, usiku kucha.
Nikamfungulia kiganja.

Hakulia. Alikuwa bado na sare ya zamu,
na Kiswahili cha bibi yake wa Wete:
"Usinitilie methali, nakuomba. Nisikilize tu.

"Miaka tisa nakwenda Rustaq usiku, nakuja alfajiri.
Malori hayana taa. Vijana wananimulika mgongoni
niwapishe, niwapishe wapi?
Ngamia wa kweli nimewakwepa watatu.
Alhamisi nililipa riali kumi na mbili uwanja wa Sib,
nikavaa kofia ya kuazima inayonuka udi na jasho la watu,
na kwa mara ya kwanza maishani mwangu
kila gari lilikwenda upande mmoja.
Hakuna aliyeshika simu. Ambulensi imesimama, injini inanguruma,
ndani yumo mwenzangu wa zamu, ananipungia.
Nilikanyaga breki mpaka mwisho wa breki.
Wewe ushapata kufika huko? Mimi sikujua kama pana mwisho.
Kona ya nne nikachelewa kidogo. Kidogo hivi.
Sasa niambie, bwana wa bima:
hatari ilikuwa wapi?"

Nikafungua mkataba, kifungu cha kumi na moja.
Umeandikwa Kiarabu, na chini yake Kiingereza.
Nikamsomea kwa lugha yetu, polepole,
nikajisikia kama ninayemtolea mtu miba kwa koleo:
*haitalipwa hasara yoyote
gari likiwa mashindanoni, au mazoezini,
au ndani ya uwanja uliotengwa kwa mbio.*

"Sikushindana na mtu."
"Kifungu hakiulizi ulimshinda nani. Kinauliza ulikuwa wapi."
"Na angekuwa ngamia kweli?"
"Ningeshapiga muhuri."

Akacheka, kicheko kifupi, cha wodini.
Mkopo wa benki umebaki miezi thelathini na moja, nimeuona kwenye faili.
Nilijua pia, na sikulisema upesi,
kwamba iko bima ya siku moja, huuzwa mbali,
ya watu kama yeye, bei yake
haifiki bei ya taa ile.
Nilipolisema, alinitazama kama anavyotazamwa
daktari anayekuja na dawa baada ya maziko.

Nikamrudishia fomu. "Mfute ngamia."

Alimfuta kwa mstari mmoja, wa rula, angawa hakuwa na rula.
Juu yake akaandika: *mimi.*
Mahali: *kona ya nne.*
Akatia saini, akaniachia na kalamu yangu ikiwa na joto.

Gari liliwaka. Lilitambaa hadi langoni
huku bampa likiburura kamba niliyolifungia.
Pale akasimama kabisa,
akatazama kushoto, akatazama kulia,
akawasha indiketa,
na njia nzima, mpaka kwenye mlima,
ilikuwa tupu.